Tanuri, Debe na Neno: Mkutano wa Taaluma katika Utafiti wa Ufipa

1.0 Utangulizi

Uwanda wa juu wa Ufipa, katika Mkoa wa Rukwa, umekaa kati ya maziwa mawili. Magharibi yake liko Ziwa Tanganyika, na mashariki liko Ziwa Rukwa, na maziwa yote mawili yako katika mabonde ya ufa, chini sana ya uwanda wenyewe. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya mkoa tangu ulipoanzishwa mwaka 1974, uko juu ya uwanda huo, karibu na milima ya Mbizi. Ni eneo la majani marefu, baridi ya asubuhi na mahindi mengi. Kwa watu wengi wa Dar es Salaam na Zanzibar, Ufipa ni mbali, na jina la Sumbawanga hutajwa zaidi katika masimulizi ya uchawi kuliko katika mijadala ya kitaaluma.

Hata hivyo, ni maeneo machache ya Tanzania bara yaliyochunguzwa na wataalamu wa taaluma nyingi namna hiyo. Wanaakiolojia wamechimba matanuri yake ya chuma. Wanaanthropolojia wamekusanya hadithi na visaasili vyake. Wanahistoria wamefuatilia koo zake za kitawala na maisha ya familia zake chini ya misheni. Wachumi wameandika juu ya soko la mahindi, zao ambalo Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, imekuwa miongoni mwa wazalishaji wake wakuu nchini. Wanaisimu wameiweka lugha ya Kifipa katika ramani ya lugha za Kibantu, na katika uainishaji wa Malcolm Guthrie imepewa alama M13, karibu na Kirungu na Kimambwe.

Mhadhara huu unajadili jinsi taaluma hizo zinavyohusiana. Hoja yake kuu ni kwamba kila taaluma, inapobobea, hufika mahali ambapo zana zake haziwezi kwenda mbele zaidi, na mara nyingi hapo ndipo zana za taaluma nyingine zinapoanza kufanya kazi. Kwa sababu hiyo, wataalamu wanahitaji lugha ya kukutania. Katika Tanzania lugha hiyo ingepaswa kuwa Kiswahili, lakini sehemu kubwa ya maarifa juu ya Ufipa imeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa mifano mitatu: tanuri la chuma, debe la mahindi na neno Sumbawanga lenyewe.

2.0 Tanuri: Akiolojia, Fizikia na Hesabu ya Miaka

2.1 Namna chuma kilivyopatikana

Ufipa ilisifika kwa chuma. Matanuri makubwa ya udongo, yanayofikia kimo cha mita tatu hivi, yalijengwa karibu na vichuguu, kuni na mawe yenye madini. Wafipa huliita tanuri la namna hiyo ilungu, na kwa wingi malungu. Lilijazwa makaa na mawe ya madini kwa tabaka, kisha likawashwa moto bila kuvutiwa hewa kwa mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia mabomba ya udongo yaliyopangwa katika matundu ya chini. Kilichotoka hakikuwa chuma safi. Lilikuwa pande gumu lililochanganyika na mavi ya chuma. Pande hilo lilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambako lilisafishwa kwa moto wa mivukuto kabla ya kufika kwa mhunzi wa kufua majembe.

Habari za kazi hiyo zimeandikwa kwa muda mrefu. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya R. C. Greig mwaka 1937, na ya R. Wise mwaka 1958. J. A. R. Wembah-Rashid aliandika juu ya wafua chuma wa Ufipa mwaka 1969. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya uchunguzi wa kina katika eneo la Nkansi na mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa ajili ya tasnifu yake ya mwaka 1995. Alibainisha kwamba uyeyushaji wa chuma katika eneo hilo haukuwa wa aina moja. Zilikuwepo tekinolojia tatu: Katukutu, malungu, na ile inayojulikana kwa jina la Barongo. Randi Barndon alilinganisha Wafipa na Wapangwa katika kazi yake iliyotoka mwaka 2004, akatilia mkazo dawa, miiko na taswira ya tanuri kama mwanamke anayezaa.

Orodha hii fupi inaonyesha jinsi kitu kimoja kinavyogawanywa. Mwanafizikia akisimama mbele ya ilungu huona bomba la moshi. Hewa ya ndani, kwa kuwa ni moto, ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje, kwa hiyo hupanda, na hewa mpya huvutwa kutoka chini. Nguvu ya mvuto huo hutegemea mambo mawili: kimo cha tanuri, na tofauti ya uzito kati ya kiasi kimoja cha hewa ya nje na kiasi hichohicho cha hewa ya ndani. Tofauti hiyo ikibaki ileile, tanuri lenye kimo mara mbili hupata mvuto mara mbili. Hivyo urefu wa ilungu haukuwa urembo. Ulifanya kazi ambayo kwingineko ilifanywa na mikono ya watu wenye mivukuto.

Mwanaanthropolojia akisimama mahali palepale huona jambo jingine: kwa nini wafanyakazi walijitenga na wake zao wakati wa kuyeyusha, na kwa nini dawa ilifukiwa chini ya tanuri. Si sahihi kusema kwamba mmoja anaeleza ukweli na mwingine anaeleza imani. Fundi mwenyewe hakuzitenganisha kanuni hizo mbili. Kwake, tanuri lililojengwa vizuri lakini likakosa dawa, na tanuri lenye dawa lakini likakosa kimo, yote mawili yalikuwa matanuri yasiyozaa. Anayetaka kueleza ujuzi wa fundi huyo hana budi kusoma taaluma zote mbili.

2.2 Tatizo la tarehe

Mipaka ya taaluma huonekana waziwazi zaidi linapoulizwa swali rahisi: matanuri hayo yalijengwa lini? Mwanaakiolojia huchukua kipande cha makaa na kupima kiasi cha kaboni 14 kilichobaki. Kaboni hiyo hupungua kwa kasi inayojulikana, ambapo nusu yake hutoweka katika muda wa miaka 5,730 hivi. Jibu linalotoka maabara si mwaka mmoja. Ni kauli ya uwezekano: umri fulani, pamoja na kiasi cha kuongeza au kupunguza. Hapo hisabati, na hususan takwimu, huwa sehemu ya historia, wapende wasipende wanahistoria.

Tatizo la Ufipa ni kwamba kipindi chake muhimu kimeangukia mahali pabaya katika kipimo hicho. Kiasi cha kaboni 14 katika hewa ya dunia kilipanda na kushuka kati ya katikati ya karne ya 17 na katikati ya karne ya 20, kutokana na mabadiliko ya jua na, baadaye, moshi wa viwanda. Matokeo yake ni kwamba makaa yenye umri wa kimaabara wa miaka 180, pamoja na kosa la miaka 40, yanaweza kuwa ya wakati wowote kuanzia nusu ya pili ya karne ya 17 hadi karne ya 20. Maabara inaweza kupima vizuri kabisa, na bado jibu likawa pana kiasi cha kumeza historia yote ya falme za Ufipa.

Hapo zana za maabara hufika kikomo, na mapokeo simulizi huanza kazi. Lakini mapokeo nayo yana hesabu yake. Ikichukuliwa kwamba orodha ya watawala ina majina 10, na kila mmoja alitawala kwa wastani wa miaka 15, mwanzo wa ukoo utakuwa miaka 150 kabla ya mtawala wa mwisho. Wastani ukiwa miaka 12, ni miaka 120. Ukiwa 18, ni miaka 180. Kosa dogo katika wastani limezaa tofauti ya miaka 60. Kwa hiyo mwanahistoria huhitaji nguzo za nje za kuegemeza orodha yake, kama vile maandishi ya wasafiri waliopita katika eneo hilo. David Livingstone alipita mwaka 1872 na Joseph Thomson mwaka 1880, na mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la White Fathers, walishika kituo cha Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Maabara, orodha ya watawala na shajara ya msafiri, kila kimoja peke yake, hakitoshi. Vikisomwa pamoja, kila kimoja hupunguza upana wa kosa la mwenzake.

3.0 Debe: Biashara na Jiometria

3.1 Bei moja na umbali

Utafiti wa biashara Ufipa umejikita zaidi katika mahindi. Tangu katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mazao ya chakula kwa nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua kwa bei hiyo hata mahali palipo mbali. Mkulima wa Sumbawanga, aliye zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, alipata bei ileile aliyopata mkulima wa karibu, na gharama ya usafiri ilibebwa na shirika. Mikoa ya kusini magharibi ilipanua kilimo cha mahindi chini ya utaratibu huo. Deborah Fahy Bryceson, katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya biashara ya chakula Tanzania, ameeleza jinsi mfumo huo ulivyodhoofika na jinsi soko lilivyofunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1980.

Soko lilipofunguliwa, hesabu ya mkulima ilibadilika. Bei ya shambani ikawa ni bei ya mjini, ukitoa nauli ya mzigo, faida ya mfanyabiashara na hasara ya njiani. Kila kilomita ya barabara mbovu ililipwa na mkulima. Ujenzi wa barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, katika miaka ya 2010, ulipunguza sehemu moja ya makato hayo. Sehemu nyingine, ambayo haijadiliwi sana katika maandishi ya wachumi, iko mlangoni mwa ghala, pale mahindi yanapopimwa.

3.2 Kilele cha debe

Vijijini mahindi hupimwa kwa debe, na kwa kawaida madebe sita huhesabiwa kuwa gunia moja. Mnunuzi hupenda debe lijae hadi litengeneze kilele. Muuzaji hupenda lisawazishwe kwa ubao. Swali la ukubwa wa kilele hicho si la mwanauchumi wala la afisa biashara. Ni swali la jiometria ya shule.

Ikichukuliwa kwamba debe lina kitako cha mraba chenye upande wa sentimita 24, na kimo cha sentimita 32, ujazo wake ni 24 × 24 × 32, yaani sentimita za ujazo 18,432, au lita 18 na ushei. Kilele cha mahindi juu yake kina umbo la piramidi. Kama kimo cha kilele ni sentimita 6, ujazo wake ni theluthi moja ya 24 × 24 × 6, yaani sentimita za ujazo 1,152. Ukigawanya 18,432 kwa 1,152 unapata 16 kamili.

Maana yake ni kwamba anayeuza madebe 16 yenye vilele ametoa madebe 17 na kulipwa madebe 16. Magunia 16 ni madebe 96, na vilele vyake ni madebe 6, yaani gunia zima. Mkulima aliyeuza magunia 16 kwa kipimo hicho amempa mnunuzi gunia la kumi na saba bila malipo, na huenda asijue, kwa sababu amelitoa kidogo kidogo katika vilele visivyofika kimo cha kidole cha shahada. Wanafunzi wa sekondari hukokotoa ujazo wa piramidi kwa Kiingereza darasani, huku wazazi wao wakiupoteza kwa Kiswahili na Kifipa sokoni.

Kilele cha debe kina ndugu yake mkubwa, lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kipande juu mithili ya kilemba. Ufungashaji huo umepigwa marufuku, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, una jukumu la kusimamia vipimo sahihi. Hata hivyo, lugha ya kisheria husema zaidi juu ya uzito kuliko juu ya ujazo. Mahali pasipo na mizani, sheria ya kilo haina cha kushika.

3.3 Maneno yaliyokuwepo

Jambo linalostahili kuzingatiwa na wanafunzi wa lugha ni kwamba Kiswahili kilikuwa na istilahi za tatizo hili kabla ya debe la bati kufika Afrika Mashariki. Katika biashara ya nafaka ya pwani, iliyotumia kibaba na pishi, kibaba kimoja kilikuwa robo ya pishi, na kilitofautishwa waziwazi kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Mfuto ni kipimo kilichofutwa juu kikawa sawa. Tele ni kipimo chenye kilele. Mnunuzi na muuzaji walikubaliana kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili, kisha wakazungumza bei.

Kwa hiyo tofauti ambayo mwanahisabati anaieleza kwa kanuni ya piramidi, na mwanauchumi anaiita gharama iliyofichika, ilikwisha kupewa jina na wafanyabiashara wa pwani. Kurejesha maneno hayo katika mikataba ya vyama vya ushirika na katika vitabu vya hisabati kusingehitaji kubuni istilahi hata moja. Kungehitaji tu kwamba mtu wa kamusi, mtu wa hisabati na mtu wa biashara wasome maandishi ya wenzao.

4.0 Neno: Isimu na Ufasiri

4.1 Sumbawanga

Maelezo yanayosikika sana juu ya jina la Sumbawanga ni kwamba linatokana na maneno mawili ya Kifipa, sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Aingiaye mjini anaambiwa atupe uchawi wake. Maelezo hayo yanapendwa kwa sababu yanalingana na sifa ambayo mji umepewa na watu wa nje. Mtaalamu wa etimolojia hana budi kuyapokea kwa tahadhari, maana majina mengi ya mahali hupewa maana baada ya kuwepo. Pamoja na hayo, neno wanga linampa mwanaisimu wa Kiswahili kazi ya kweli.

Kiswahili nacho kina mwanga, wingi wanga, kwa maana ya mchawi, na kitenzi wanga kwa maana ya kufanya uchawi wa usiku. Ufanano huo na Kifipa hauwezi kuelezwa harakaharaka kuwa ni ukopaji, kwa kuwa lugha zote mbili ni za Kibantu na huenda zimerithi mzizi mmoja. Aidha, kamusi za Kiswahili zinaonyesha kitenzi kingine, wanga, chenye maana ya kuhesabu, ambacho huhusishwa na nomino kiwango. Tena liko wanga la chakula, lile linalopatikana katika mahindi ya Ufipa. Hapa mwandishi wa kamusi hukabiliwa na uamuzi: je, hayo ni maneno tofauti yenye umbo moja, au ni neno moja lililopanuka maana?

Msomaji anaweza kuvutiwa na wazo kwamba kuhesabu na kuroga vina chimbuko moja, na kwamba mchawi ni mjuzi wa hesabu za siri. Wazo hilo ni tamu, lakini utamu si ushahidi. Ili lithibitishwe, lazima mizizi ilinganishwe katika lugha nyingi, toni zake zipimwe pale zilipo, na mabadiliko ya sauti yafuate kanuni zilezile zinazoonekana katika maneno mengine. Kiswahili Sanifu kimepoteza toni za kileksika, kwa hiyo peke yake hakiwezi kutoa hukumu. Lugha zilizohifadhi toni ndizo zinazoweza. Mwanaisimu wa Kiswahili anayepuuza lugha za bara hukosa ushahidi juu ya Kiswahili chenyewe.

4.2 Wingi uliogeuzwa umoja

Mfano wa pili wa kiisimu unatoka katika tanuri. Katika maandishi ya kitaaluma ya Kiingereza, umbo malungu limezoeleka kutumiwa hata kwa tanuri moja, na kwa aina nzima ya tekinolojia. Kwa Mfipa, na kwa Mswahili yeyote anayejua jicho na macho, ma- hiyo ni alama ya wingi. Msomaji wa Kiingereza haioni. Kosa hilo halibatilishi utafiti wa mtu, lakini linaonyesha kwamba istilahi ikishahamia katika lugha isiyo na ngeli, huacha nyuma sarufi iliyokuja nayo. Ripoti zikiandikwa kwa Kiswahili, ilungu moja na malungu mengi vingerudi mahali pake bila maelezo.

4.3 Kisaasili cha Milansi

Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alikusanya hadithi za Wafipa katika kitabu kilichotoka mwaka 1978, na mwaka 1981 akachapisha uchambuzi wa historia ya dola zao. Kiini cha uchambuzi huo ni kisaasili cha Milansi, makao ya zamani ya Mwene. Inasimuliwa kwamba wageni wanawake walifika Mwene akiwa hayupo. Aliporudi alikuta utawala umekwisha kuhamia mikononi mwao. Yeye akabaki na heshima ya kidini, na wageni hao, waanzilishi wa ukoo wa Watwaci, wakashika madaraka ya kisiasa. Baadaye utawala wao uligawanyika kuwa falme mbili, Nkansi na Lyangalile.

Mwanahistoria huuliza kama wanawake hao walikuwepo na walitoka wapi. Mwanafasihi huuliza kwa nini msimulizi aliwafanya wageni kuwa wanawake, na kwa nini mwenyeji hakuwepo nyumbani wakati huo. Mwanasosholojia huuliza kisaasili kilimfaa nani kila kiliposimuliwa. Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya familia za Nkansi kati ya mwaka 1880 na 1960, aliuliza swali jingine kabisa: watoto walilelewa vipi, na misheni ilibadilisha nini katika malezi hayo. Maswali yote hayo ni halali, na hakuna moja linalojibu jingine. Tatizo huanza pale mtafiti wa taaluma moja anapodhani kwamba jibu lake limefunga mjadala.

5.0 Kiswahili kama Lugha ya Kukutania

Kitabu cha Askofu Adolphe Lechaptois juu ya watu wa mwambao wa Tanganyika, kilichochapishwa mwaka 1913, kiko katika Kifaransa. Willis, Barndon, Smythe na Mapunda wameandika juu ya Ufipa kwa Kiingereza. Mwalimu wa historia wa Sumbawanga anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake walichofanya babu zao hana kitabu cha Kiswahili kinacholingana na vitabu hivyo kwa kina.

Kisingizio cha kawaida ni upungufu wa istilahi. Kisingizio hicho kimepungua uzito. Kazi ya istilahi ina historia ndefu, kuanzia Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoanzishwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 1990 ilitoa kamusi ya isimu na lugha, na nyingine ya biolojia, fizikia na kemia. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Göteborg, ulitoa atlasi ya lugha za nchi mwaka 2009. Hisabati yenyewe ni ushahidi kwamba Kiswahili hakiogopi kupokea: sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu, zikachukua nafasi ya tandatu, fungate na kenda, na laki imetoka Bara Hindi. Maneno hayo yaliletwa na biashara, nayo yakawa ya hisabati bila kuulizwa uraia wao.

Upungufu ulio wazi zaidi ni wa mawasiliano kati ya istilahi zilizopo. Neno uzito ni mfano. Sokoni, uzito ni kilo. Katika fizikia, kilo hupima tungamo, na uzito ni nguvu inayovuta tungamo hiyo chini. Katika uhakiki wa fasihi, uzito ni kina cha maana. Mwanafunzi anayepita kutoka chumba kimoja cha mihadhara hadi kingine hukutana na neno lilelile limevaa nguo tatu, na ni nadra mtu kumwonyesha kwamba zote ni za mtu mmoja. Kamusi za taaluma moja moja, kwa jinsi zilivyotungwa, haziwezi kufanya kazi hiyo. Inahitajika kamusi linganishi inayoonyesha safari ya neno kutoka taaluma hadi taaluma.

Upungufu wa pili ni wa haraka zaidi. Msamiati wa mafundi wa malungu ulikuwa msamiati wa wabobezi, wenye majina ya udongo, ya moto, ya hatua za kazi na ya makosa. Majembe ya viwandani yalipofika, uyeyushaji ulikoma, na baadhi ya yaliyoandikwa baadaye yalitokana na wazee walioombwa kujenga tanuri upya ili waonwe. Istilahi za kilimo cha ntumba, matuta ambayo Wafipa hufukia majani ili yaoze na kurutubisha ardhi, bado zina watumiaji, lakini nazo hupungua kadiri mbolea ya dukani inavyoenea. Msamiati wa namna hiyo hauwezi kukusanywa na mwanaisimu peke yake. Asiyejua kuyeyusha chuma hajui aulize nini, na anayejua kuyeyusha lakini hajui ngeli huandika wingi akidhani ni umoja.

6.0 Hitimisho

Mifano mitatu ya Ufipa imeonyesha jambo moja kwa njia tofauti. Maabara ya kaboni inahitaji msimulizi wa Milansi, na orodha ya msimulizi inahitaji takwimu. Sheria ya biashara inahitaji jiometria ya piramidi, na jiometria hiyo ina majina yake katika Kiswahili cha pwani, mfuto na tele. Kamusi ya Kiswahili inahitaji toni za lugha za bara ili ijue kama wanga ni neno moja au matatu. Ubobezi ni sharti la maarifa, kwa kuwa hakuna anayeweza kujua yote. Lakini mbobezi asiyeweza kueleza kazi yake kwa lugha ambayo jirani yake anaielewa amejifungia ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Hatua zinazopendekezwa ni za kawaida na zinatekelezeka. Kila tasnifu inayohusu eneo la Tanzania, iwe ya hisabati, biashara au fasihi, iwe na ikisiri ndefu ya Kiswahili, yenye orodha ya istilahi za wenyeji pamoja na ngeli zake. Idara za Kiswahili zishirikiane na idara za akiolojia na kilimo kukusanya msamiati wa kazi za mikono wakati wenye kuujua wangali hai. Vitabu vya hisabati vya shule vitumie debe na kilele chake kufundisha ujazo wa piramidi, ili mtoto wa mkulima wa Sumbawanga akifika sokoni aweze kumwambia mzazi wake, kabla gunia la kwanza halijashonwa, ni debe ngapi zitakazotoka bila malipo.

Gunia la kumi na saba ndilo kipimo cha jambo hili. Lipo katika jiometria, lipo katika uchumi, na lipo katika msamiati wa Kiswahili. Linaendelea kupotea kwa sababu taaluma zinazoliona zinaliona kila moja kwa lugha yake.